Hendibreki na Mlima wa Bugarika

Jumatatu, 4 Agosti

Chini ya gari tena tangu saa mbili asubuhi. Mgongo umekufa ganzi. Diski za nyuma nilizofunga wiki iliyopita zimekaa vizuri. Pedali ngumu, ukigusa tu gari linasimama. Imebaki hendibreki. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Wapi! Kebo za zamani hazifiki. Zinapungua shubiri moja kila upande.

Nimelala pale chini nikichunguza kwa nini. Enzi za dramu, zile breki za zamani za mviringo kama ngoma, kebo iliingilia mbele ya ekseli. Sasa nimeweka kalipa, yale makoleo yanayobana diski, na kila kalipa ina kidole chake cha chuma kinachovutwa na kebo. Kidole hicho kiko nyuma. Kwa hiyo kebo lazima ipande juu ya ekseli ndipo ikikute kidole. Jambo dogo, lakini limenifurahisha. Miaka thelathini na moja nimefunga injini za vivuko ziwani, sijawahi kujiuliza kebo ya hendibreki inapita wapi.

Mke wangu, Mama Neema, amepita na ndoo ya maji, kaibeba kwa mkono wa kushoto. Hakuuliza kitu. Hajaketi ndani ya gari hili tangu Aprili, siku lilipomrudisha kinyumenyume kwenye mlima wa Bugarika, nje ya nyumba ya dada yake, akiwa ndani peke yake. Hatua kama ishirini, hadi kwenye jabali. Lingelikosa jabali, lingeangukia bati za watu walio chini. Bega lake la kulia bado bovu. Siku hizi kila baada ya wiki mbili, Jumapili, anapanda basi hapa Usagara hadi mjini, halafu anaupanda mlima ule kwa miguu kwenda kumwogesha dada yake Paskazia, ambaye miguu imemgomea. Mimi nabaki hapa na gari.

Nataka arudi kwenye kiti chake. Hilo tu ndilo linalonilaza kwenye vumbi.

Jumatano, 6 Agosti

Nyakato. Fundi Mbuke ana kibanda nyuma ya kiwanda, anatengeneza kebo za pikipiki, za gia, za chochote kile. Nilimpa ya zamani kama kipimo, nikamwambia aongeze shubiri moja na vidole viwili.

Nilimtazama akifanya kazi hadi nikasahau kula. Anakata waya, anaupitisha kwenye kichwa kidogo cha shaba alichokitoboa mwenyewe, halafu ncha anaifumua, nyuzi zinatawanyika kama ufagio. Anamwagia risasi iliyoyeyuka, nyuzi zote zinamezwa humo. Ikipoa, hata ukivuta kwa trekta haichomoki. Nilidhani vile vichwa hubanwa tu kwa nyundo. Umri huu wote!

Kisha akaikunja ile ya zamani, akaipitisha vidoleni taratibu.

"Baba, hii nzima kabisa. Uzi hata mmoja haujakatika. Ilikukosea nini?"

Nikamwambia iliachia mlimani mwezi wa nne. Akaitazama tena.

"Kebo hii haijaachia."

Nikasema basi labda ni zile shuu, vibao vinavyobana ndani ya dramu. Hakubisha. Alinipa kebo mpya mbili, nikaondoka bila hata kumuaga vizuri. Sikulipenda lile swali.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepitisha kebo. Ya kushoto imekubali. Ya kulia inapita karibu mno na bomba la moshi, nimeipa kishikizo cha bati. Vidole vimechubuka viwili. Kesho namaliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako kwenye maonesho, mimi na spana.

Nimemaliza saa nane. Gari juu ya jeki, nikavuta mkono wa hendibreki: jino la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nikaenda kuzungusha matairi ya nyuma. Hayaendi! Nikaweka mguu ukutani nikasukuma kwa nguvu zote. Hayaendi. Nilipiga kelele kama mtoto. Nikamwita Mama Neema aje aone.

Alisimama mlangoni na ungo wa mchele. Akasema hongera. Akarudi kuchagua mchele wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimelipeleka kwenye mteremko wa kwenda lambo, pale ng'ombe wanaposhukia kunywa maji. Jino la nne. Limeshika saa nzima, pua ikitazama chini, na saa nyingine pua ikitazama juu. Wachungaji walikaa kunitazama kama sinema. Mmoja aliniuliza namsubiri nani.

Kesho ni zamu ya Bugarika. Nitamwomba.

Jumapili, 10 Agosti

Nilimwomba. Akaniambia, "Wahi misa wewe, utachelewa." Akachukua kikapu chake na sabuni ya dada yake, akaenda kituoni.

Baada ya misa nikarudi lambo. Nimevuta: limeshika kwenye jino la sita. Jana lilikuwa la nne, sijagusa kitu. Nani kaongeza meno mawili? Kebo mpya huvutika kidogo, najua, lakini meno mawili kwa siku moja?

Mama Neema karudi saa kumi na moja, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Sikumwambia habari ya meno.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeuliza watu. Mzee Jayanti aliyeniuzia kalipa, kwa simu: kaza. Jirani yangu aliyeendesha malori ya pamba maisha yake yote: kaza. Mwenye bodaboda aliyesimama tu kutuangalia, wala hana hendibreki kwenye pikipiki yake: "Kaza, mzee, hiyo imelegea."

Nimekaza. Nati ya katikati, mizunguko mitano. Jino la tatu sasa. Safi.

Jumatano, 13 Agosti

Jino la saba.

Nimekaza tena. Nimeenda sokoni Misungwi na kurudi. Niliposhuka nikasikia harufu. Rimu ya nyuma kulia inachoma mkono. Ina maana breki inasugua wakati sijaivuta, na wakati naivuta haishiki. Inabana isipotakiwa na kuachia inapotakiwa. Ajabu hiyo. Hasira ninayo, lakini nakiri nimekaa nikiitazama ile rimu kwa hamu ya kujua kuliko hasira. Kuna kitu mle ndani kinafanya kazi ambayo mimi siijui.

Alhamisi, 14 Agosti

Lambo. Jino la tisa, mkono umesimama wima karibu ugonge dari. Nilishuka, nikahesabu. Nilipofika kumi na mbili gari likaanza. Polepole, bila sauti, kokoto tu chini ya matairi. Nililirukia mlangoni nikakanyaga pedali. Ng'ombe wawili walikuwa chini wanakunywa.

 Sauti ile ya kokoto ni ileile ya Aprili.

Acha niandike, hakuna anayesoma hapa. Aprili hendibreki haikuachia. Sikuivuta. Kwenye kivuko, dereva alipopanda sisi ndio tuliomwekea kabari, kipande cha mbao chini ya tairi, na hatukuwahi kuamini hendibreki ya mtu. Nilipostaafu nikanunua gari, tabia nikahama nayo: nasimama, natoa gia, nashuka, naweka kabari yangu ya mninga. Miaka sita. Siku ile kabari niliisahau nyumbani, chini ya mlango wa banda la kuku. Nilishuka kutafuta jiwe. Mvua ilikuwa inanyesha. Mkono wangu haukugusa kitu. Nikasikia kokoto, nikageuka, nikaona uso wake nyuma ya kioo unaondoka.

Watu walipokuja nikasema hendibreki imeachia. Neno lilinitoka tu. Na nimelibeba mpaka nikabadili breki zote za nyuma za gari ili liwe kweli.

Nina aibu.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijagusa gari. Nimepalilia mihogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimeshajua!

Asubuhi nilichomoa kebo zote mbili. Nilitaka kumrudishia Mzee Jayanti kalipa zake na maneno juu yake. Bila kebo, vidole vyote viwili vya kalipa vikarudi nyuma hadi vikagonga ukingo wake, tak. Nikashangaa. Tangu Ijumaa ya wiki iliyopita havijawahi kurudi mpaka pale. Kebo ilikuwa inavishikilia nusu njia.

Nikataka kuona kinachotokea pedali ikikanyagwa, lakini siwezi kuwa chini na juu kwa pamoja. Nikamwita Mama Neema. Akaja hadi mlangoni mwa gari, akasimama. Ndani haingii. Nikamwambia si lazima uingie. Akafikiri kidogo, akaenda jikoni, akarudi na mchi wa kinu. Akasimama nje, akainama, akaisukuma pedali kwa mchi.

"Tena," nikasema kutoka chini.

Tik. Ndani ya kalipa, mlio mdogo kabisa. Akasukuma tena. Tik. Mara ya nane au ya tisa mlio ukakoma. Nikashika kidole cha kalipa: sasa kukisogeza kidogo tu, diski inabanwa.

"Kuna nini huko?" akauliza. Mara ya kwanza anauliza kitu juu ya gari hili tangu Aprili. Nilimweleza nikiwa nimelala vilevile, vumbi mdomoni. Mle ndani kuna skrubu inayojisogeza yenyewe kila pedi, vibao vinavyobana diski, zinapolika, kila unapokanyaga pedali. Lakini inasogea tu kama kidole kimepumzika, kimerudi hadi mwisho. Mimi kwa kukaza kebo nilikinyima kidole kupumzika. Pedi mpya zinalika haraka, pengo linakua, skrubu haisogei, nami nakaza zaidi. Kila nilivyokaza ndivyo nilivyoiharibu. Jirani, Mzee Jayanti, bodaboda, wote na mimi mwenyewe, jopo zima la wataalamu!

"Kwa hiyo ilitaka ilegezwe," akasema.

Ilitaka ilegezwe. Nimerudisha kebo bila kuvuta hata kidogo, vidole vikiwa vimekaa nyuma kabisa. Pedali kwanza, kebo baadaye. Jino la tatu. Mama Neema alibaki dakika kadhaa ameegemea mchi wake, akinitazama ninavyofunga. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau mengine yote.

Jumapili, 17 Agosti

Magunia sita ya mpunga nyuma, gari zima limechuchumaa. Lambo, jino la tatu. Nimechora mstari wa chaki kwenye tairi hadi kwenye jiwe lililozama ardhini. Kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili jioni. Mstari haujasogea hata upana wa uzi. Nilikula ugali hapohapo, nimekaa kwenye nyasi. Nimeangalia tairi lisilotembea kwa saa nane na sikuchoka.

Jumatatu, 18 Agosti

Jino la tatu bado.

Leo wakati wa chai Mama Neema akauliza, kama anauliza habari za mvua: "Na ile ya zamani ilikuwa na kasoro gani?"

Nimesema shuu zilikuwa zimelika.  Baadaye nikamwona nyuma ya nyumba, kwenye rundo la vyuma nilivyotoa. Ameinua shuu moja, anaipima unene kwa kidole gumba. Amejifunza juzi pedi iliyolika ikoje, nilimwonesha mwenyewe. Ile shuu ni nene. Karibu mpya.

Aliirudisha palepale. 

Jumanne, 19 Agosti

Jino la tatu. Gari zima. Mimi ndiye nisiye mzima.  Nikimwacha apande akiamini chuma ndicho kilichokosea, nimempakia kwenye uongo. Nikimwambia, hapandi tena, na pengine si gari tu atakaloliacha. Naogopa. Nina miaka sitini na saba na namwogopa mwanamke mwenye ungo wa mchele.

Jumatano, 20 Agosti

Nimemwambia. Asubuhi, jikoni, nikiwa nimesimama. Nilianza na kivuko na kabari, nikajiona nazunguka, nikaacha. Nikasema: siku ile sikuivuta.

Alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga. Akaupakua, akaniwekea kikombe changu, akaenda shambani na jembe kwa lile bega lake.

Uji ulipoa. Niliunywa hivyohivyo.

Alhamisi, 21 Agosti

 Ananiamkia, ananipa chakula, basi. Simlaumu. Nimefagia uwanja wote, hata sehemu isiyo na uchafu.

Ijumaa, 22 Agosti

Saa kumi alasiri nilikuwa nafuta vumbi kwenye kioo. Akaja, akafungua mlango wa upande wake, akauelekezea kidole mkono wa hendibreki bila kuugusa.

"Ningeuvuta mimi siku ile, lingesimama?"

Nilitaka kusema labda. Nikasema, "Lingesimama."

"Miaka sita nakaa pembeni ya hiki chuma. Kilikuwa hapa." Akaonesha paja lake la kulia. "Nilishika mlango, nikashika kiti, nikashika rozari. Hiki sikukishika, kwa sababu hujawahi kuniambia ni cha nini. Ulikuwa unashuka tu na mbao yako."

 Kweli sijawahi kumwambia. Nilidhani ni kitu cha dereva. Mwenyewe dereva hakukitumia.

Akasema: "Nitauvuta mimi. Wewe fanya mambo yako ya miguu. Huu ni wangu."

Jumamosi, 23 Agosti

Tatizo jipya, na zuri. Mkono wake wa kulia ndio wenye bega bovu. Alijaribu leo akiwa amesimama nje, akaishia jino la pili, uso ukakunjamana. Kwangu ni mwepesi, kwake ni mzito.

Kwa hiyo nimerudi chini. Uzito ule unatoka wapi? Springi za kalipa haziwezi kuwa kali hivyo. Nimefuata kebo sentimita kwa sentimita kwa vidole. Ni ile kona juu ya ekseli. Niliikunja mno ili kukwepa bomba la moshi, waya unajisugua ndani ya ala yake. Nimehamisha kishikizo, nimeipa kona mduara mpana kama mdomo wa sufuria. Nimening'iniza kebo kwa ncha moja na kudondoshea oili tone kwa tone mpaka ikatokea upande wa pili. Ilichukua saa moja na nusu, na niliifurahia kila dakika. Oili inavyosafiri ndani ya giza lile, huioni, unaisubiri tu.

Amejaribu tena. La kwanza, la pili, la tatu. Akavuta pumzi. Akaulizia kitufe cha kuachia. Nikamwonesha. Akavuta tena, akaachia, akavuta. Mara kumi na moja, nimehesabu. Yote hayo akiwa amesimama nje.

Jumapili, 24 Agosti

Tulitoka baada ya misa ya kwanza. Aliketi. Sikumtazama alipokuwa anaketi, nilijifanya natafuta funguo.  Nyegezi alinunua ndizi mbivu dirishani, za dada yake.

Mlima wa Bugarika ni uleule, kokoto zilezile. Nilisimama nje ya nyumba ya Paskazia, mguu kwenye pedali. Nikazima injini. Mikono nikaiweka mapajani. Alivuta kwa mikono yote miwili. Meno matatu. Akanitazama mguu, nikauondoa. Gari lilitulia.

Akaniambia nishuke.

Nilishuka, nikabaki nimesimama kando ya tairi bila kujua mikono niiweke wapi. Yeye hakushuka. Paskazia alikuwa amebebwa hadi barazani, akawa anaita, "Leticia, karibu ndani, unangoja nini?" Mama Neema hakuitikia. Alikaa kitini mwake peke yake, anatazama mbele juu ya mabati hadi ziwani, mkono wa kulia bado juu ya hendibreki. Dakika moja, labda tatu. Kisha akauondoa, akaanza kumenya ndizi.

Akashusha kioo.

"Nenda ukasalimie watu," akasema. "Mimi nipo."